Magongo kwa Mwenye Miguu Mizima

Msomaji, kama hujapata kuvuta sigara hata siku moja katika maisha yako, insha hii imeandikwa kwa ajili yako. Wavutaji wanao wa kuwaandikia, na wengine wamewaandikia vizuri kuliko niwezavyo mimi. Wewe ambaye mapafu yako ni safi, ambaye mtu akiwasha sigara karibu nawe hukunja uso na kusogea kando, ndiwe ninayetaka tuzungumze. Kwa maana wako watu walioketi wakapiga hesabu ya faida yao ya miaka ijayo, na katika hesabu hiyo umo.

Katika muhula mmoja wa pili nilikuwa mwalimu wa zamu. Jioni, wakati wanafunzi wanapojisomea, nilipita kati ya madawati ya kidato cha tatu nikanusa harufu ya maembe. Haukuwa msimu wa maembe, wala shule ile haikuwa na mwembe. Niliifuata harufu hata nikafika penye dawati la kijana mmoja ambaye jina lake silitaji, mwanafunzi hodari wa hisabati na mtoto wa watu wenye adabu. Ndani ya mkebe wake, kando ya bikari na rula, palikuwa na kijifaa chembamba chenye urefu wa kidole. Nilidhani ni kimojawapo cha vile vijifaa vya kuhifadhia kazi za kompyuta, nami nilikuwa karibu kukirudisha mahali pake. Kijana mwenyewe, kwa hofu, ndiye aliyejifichua. Alisimama akasema: "Mwalimu, hiyo si sigara. Mimi sivuti sigara, wala sijapata kuvuta."

Nimeyafikiri maneno yale mara nyingi tangu siku hiyo. Kijana hakusema uongo. Alisema kweli tupu, na kweli yake ilinitia hofu kuliko uongo wowote ambao angeweza kuutunga. Lau angalikuwa mvutaji wa sigara aliyekimbilia kifaa kile ili aachane nazo, ningalikuwa na maneno mengine ya kumwambia, na huenda ningalimtakia heri. Lakini yeye hakuwa ameacha kitu. Alikuwa ameanza.

Kifaa chenyewe huitwa sigara ya kielektroniki, nanyi vijana mwakiita veipu. Ndani yake mna betri ndogo, waya mwembamba uliosokotwa, na utambi uliolowa maji mazito. Mtu akivuta, betri huupasha moto ule waya, nao huyageuza yale maji kuwa ukungu unaoingia kifuani. Hakuna jani linaloungua, hakuna jivu, hakuna kipande cha kutupa chini na kukanyaga. Kwa sababu hiyo husemwa kwamba ni mvuke tu, kama ule utokao katika birika la chai. Si kweli hata kidogo. Mvuke wa birika ni maji. Ukungu huu ni matone madogo mno ya propilini glaikoli na gliserini, pamoja na vikolezo vya ladha, na aghalabu nikotini, ile ile iliyomo katika jani la tumbaku. Maji hayo yakipata joto kali huweza kuzaa formaldehidi, kitu ambacho watunza maiti hukitumia ili mwili usioze. Na waya wenyewe huweza kuacha chembe za nikeli na kromi katika ukungu. Kwa jumla vipimo vya sumu hizo ni vidogo kuliko vya moshi wa sigara. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu ni kweli, na mtu anayetaka kuwaonya vijana asianze kwa kuwadanganya.

Wauzaji hupenda kusema pia kwamba vile vikolezo vya ladha ni vile vile vitumiwavyo katika peremende na vinywaji, kwa hiyo havina madhara. Lakini tumbo si pafu. Unga wa ngano ni chakula chema; hebu jaribu kuuvuta kwa pua.

Haki hudai kwamba hata mpinzani apewe kilicho chake. Kifaa hiki hakikubuniwa na mtu mwenye nia mbaya. Mwaka 2003 mfamasia mmoja wa China, Hon Lik, alibuni sigara ya kielektroniki ya namna tuijuayo leo. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na baba yake, aliyekuwa mvutaji kama yeye, alikufa kwa saratani ya mapafu. Alichokitafuta ni njia ya kumpa mvutaji nikotini yake bila ya moshi, kwani moshi wa tumbaku ndio unaowapeleka kaburini mamilioni ya watu kila mwaka. Uingereza, mwaka 2015, idara ya afya ya umma ilikadiria kwamba kifaa hiki kina madhara pungufu ya sigara kwa kadiri ya asilimia 95. Wako wataalamu waliolitilia shaka kadirio hilo, lakini uchunguzi uliofanywa baadaye umeonyesha kwamba watu wengi waliokuwa watumwa wa sigara wameweza kuziacha kwa msaada wake, na wengine walifanikiwa kwa njia hii baada ya kushindwa kwa njia nyingine. Kama mjomba wako amevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka thelathini, na daktari akamshauri ajaribu kifaa hiki, usimcheke wala usimsomee insha hii.

Lakini wewe si mjomba wako.

Mtu aliyevunjika mguu hupewa magongo. Magongo ni kitu kizuri; humtoa kitandani na kumfikisha mlangoni, na siku moja huweza kuyaweka pembeni akaenda kwa miguu yake. Sasa fikiri habari za mfanyabiashara anayesimama karibu na lango la shule akiwa na magongo ya rangi za kupendeza, yenye harufu ya nanasi na ya zabibu, akawagawia watoto wenye miguu mizima. Fikiri kwamba magongo hayo yana tabia moja ya ajabu: anayeyatumia kwa majuma machache hushindwa kwenda bila ya hayo. Tena fikiri kwamba kila mzazi anayelalamika hujibiwa hivi: "Mbona unapiga kelele? Magongo ni nafuu kuliko kutambaa." Hiyo ndiyo hoja yao yote. Ni hoja ya kweli kwa anayetambaa. Kwa mwenye miguu mizima ni dhihaka.

Kwa hiyo kila utakapoambiwa kwamba sigara ya kielektroniki ni nafuu, kuwa mwanafunzi mwangalifu wa lugha, uulize: nafuu kuliko nini? Neno "nafuu" haliwezi kusimama peke yake. Linahitaji kitu cha kulinganishwa nacho. Mvutaji hulinganisha ukungu na moshi, na ukungu hushinda. Wewe unalinganisha ukungu na hewa. Katika mashindano hayo hewa haijapata kushindwa. Hata Chris Whitty, mganga mkuu wa serikali katika Uingereza, nchi ambayo imekipokea kifaa hiki kwa mikono miwili ili kuwasaidia wavutaji, alilisema jambo hili mwaka 2023 bila ya kuficha: kwamba asiyevuta sigara asivute kifaa hiki, na kwamba kuwatangazia watoto bidhaa hiyo ni jambo lisilokubalika kabisa. Wauzaji huipenda sana nusu ya kwanza ya maneno ya Waingereza. Ile nusu ya pili huwapita kama upepo.

Tazama yaliyotokea Marekani, kwa maana huko jambo hili limehesabiwa mwaka baada ya mwaka na kufikishwa mahakamani, nasi hatuna haja ya kubahatisha. Mwaka 2011 asilimia 15.8 ya wanafunzi wa sekondari za juu nchini humo walivuta sigara za kawaida. Kufikia mwaka 2019 walikuwa wamepungua hadi asilimia 5.8. Lilikuwa tunda la kazi ya zaidi ya nusu karne, tangu mganga mkuu wa Marekani, Luther Terry, alipotoa taarifa yake ya mwaka 1964 iliyosema kwamba sigara husababisha saratani. Kizazi kizima cha vijana kilikuwa kinaipa sigara kisogo. Ungedhani kwamba wafanyabiashara wa nikotini wangelia.

Mwaka 2015 kampuni iliyoanzishwa na vijana wawili waliosoma katika Chuo Kikuu cha Stanford ilitoa kifaa kilichoitwa Juul. Kilikuwa chembamba, kizuri kwa macho, na kilifanana na kijifaa cha kuhifadhia kazi za kompyuta hata mwalimu asiweze kukitambua. Maji yake yalikuwa na nikotini asilimia 5, na kikasha kimoja, kwa maelezo ya kampuni yenyewe, kilikuwa na nikotini kadiri ya ile ya pakiti nzima ya sigara 20. Sasa nikotini ya kawaida ikiwa nyingi hukwaruza koo, na ukali huo ni mlinzi aliyewekwa mlangoni. Mtoto avutaye sigara yake ya kwanza hukohoa, machozi yakamtoka, na mara nyingi akaitupa palepale. Kampuni iliichanganya nikotini na asidi ya benzoiki ikawa chumvi ya nikotini, ambayo hushuka kooni kwa ulaini. Mlinzi alifukuzwa mlangoni. Kisha ukawekwa utamu wa maembe na wa mnanaa, na matangazo yake ya kwanza yakajaa sura za vijana warembo katika rangi za kung'aa.

Mwaka 2017 asilimia 11.7 ya wanafunzi wa sekondari za juu walikuwa wametumia sigara ya kielektroniki katika muda wa siku 30 zilizotangulia. Mwaka 2018 walikuwa asilimia 20.8. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 27.5, yaani zaidi ya mmoja katika kila wanafunzi wanne. Katika umri huo, mvutaji wa miaka mingi anayetafuta njia ya kuokoka ni nani? Mnamo Desemba 2018 Jerome Adams, mganga mkuu wa taifa hilo, alitangaza kwamba jambo hili limekuwa janga miongoni mwa vijana. Mwezi huo huo Altria, kampuni inayomiliki biashara ya sigara za Marlboro nchini Marekani, ilinunua asilimia 35 ya kampuni ya Juul kwa dola bilioni 12.8. Msomaji, soma tena sentensi hiyo kisha uamue wewe mwenyewe kama fedha hizo zilitolewa kwa huruma ya wavutaji.

Mwezi Julai 2019 kamati ya Bunge la Marekani ilisikiliza ushahidi juu ya biashara hii. Miongoni mwa mambo yaliyoelezwa ni kwamba mjumbe wa kampuni aliingia katika shule moja kuzungumza na wanafunzi, na kwamba kifaa kile kilisifiwa mbele yao kuwa ni salama kabisa. Mimi ni mwalimu. Nimesoma habari nyingi za kukasirisha juu ya biashara hii, lakini hakuna iliyonichoma kama hii. Darasa ni mahali ambapo mtoto amefundishwa kuamini asemacho mtu mzima aliyesimama mbele. Kampuni ilikana daima kwamba iliwalenga watoto. Hata hivyo mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 438.5 ili kumaliza madai ya zaidi ya majimbo 30, na mwaka 2023 ikakubali kulipa dola milioni 462 nyingine kwa majimbo sita na mji mkuu wa nchi hiyo.

Wala kisa hakikuishia hapo. Mwanzoni mwa mwaka 2020 serikali ilizuia vikasha vyenye ladha za matunda, lakini amri ile haikuvigusa vifaa vya kutumia mara moja na kutupa. Vijana wakahamia huko. Ziba tundu moja, panya atoboe la pili. Idadi yao imeshuka sana tangu wakati huo, na tushukuru. Lakini mwaka 2024 bado wanafunzi milioni 1.63 wa shule za nchi hiyo walikuwa wakitumia, na karibu tisa kwa kumi kati yao walitumia zenye ladha. Hakuna anayepika ladha ya peremende kwa ajili ya mzee mwenye kikohozi cha miaka thelathini pekee.

Najua utanijibu. Wanafunzi wangu hunijibu, nami hufurahi wanaponijibu, ingawa si kila mara huonyesha furaha hiyo.

Wako wasemao kwamba vijana wanaotumia kifaa hiki ni wale wale ambao wangevuta sigara kwa vyovyote vile. Hoja hii si ya kipumbavu. Ni kweli kwamba kijana mmoja huweza kuwa mpenda kujaribu kila kitu. Na ni kweli kwamba katika Marekani uvutaji wa sigara za kawaida uliendelea kupungua hata wakati kifaa hiki kilipovuma. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 Taasisi za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipima uchunguzi mwingi uliofanywa, zikaona kwamba upo ushahidi mzito kuwa matumizi ya kifaa hiki huongeza hatari ya kijana kujaribu sigara za kawaida. Wataalamu wanaendelea kubishana juu ya ukubwa wa hatari hiyo, nami nawaacha wabishane. Hoja yangu haiutegemei ugomvi wao. Hata kama hutaigusa sigara mpaka siku ya kufa kwako, nikotini imekwisha kukushika mkono. Mtu akifungwa kwa kamba ya hariri badala ya mnyororo, je, huitwa huru?

Wengine hunitajia habari za vifo, wakidhani wananisaidia. Mwaka 2019 na mwanzo wa 2020 watu 2,807 Marekani walilazwa hospitalini au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na vifaa hivi, na waliokufa walikuwa 68. Lakini ugonjwa huo ulitokana hasa na mafuta ya bangi ya magendo yaliyochanganywa na namna ya vitamini E. Mwalimu atakayekutisha kwa vifo vile bila ya kukueleza hayo atakupoteza siku utakapoyasoma mwenyewe. Sitaki uogope kifo cha kesho asubuhi. Kwa wengi wenu hakitakuja kesho asubuhi. Jambo ninalolisema ni dogo kuliko kifo, nalo hutokea kila siku.

Nikotini ikivutwa hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde chache. Hukuta huko milango iliyowekwa kwa ajili ya kazi nyingine, ikaifungua, na ubongo ukamwaga kidogo cha ile kemikali itupayo raha. Ubongo ukiona hali hiyo inarudi kila siku hujirekebisha: huongeza milango. Milango ikishakuwa mingi na mgeni asije, hupiga kelele. Ndipo kijana asipoweza kutulia, akawa mwepesi wa hasira, akasoma ukurasa mmoja mara nne na asikumbuke kitu. Naye ubongo wake bado unajengwa. Ujenzi huo huendelea hata kufikia umri wa miaka 25 hivi, na sehemu za mwisho kukamilika ni zile za kupima mambo na kujizuia. Fundi hajapiga plasta, tayari mpangaji mkorofi amekwisha ingia.

Baya zaidi ni shukrani. Mvutaji huyu huamini kwamba kifaa chake humtuliza. Husema: nikiwa na wasiwasi wa mtihani, navuta mara mbili natulia. Hajui kwamba wasiwasi ule, kwa sehemu kubwa, uliletwa na kifaa chenyewe kilipokosekana tangu asubuhi. Ni mfano wa mtu anayeibiwa shilingi mia kila alfajiri, kisha jioni mwizi akamrudishia hamsini, naye akapiga magoti kumshukuru kwa ukarimu.

Huku kwetu Kenya tunayo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, nayo inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Ilikuwa sheria njema kwa wakati wake. Lakini iliandikwa kwa ajili ya jani na moshi wake, kabla kifaa hiki hakijaenea madukani mwetu. Ndugu zetu wa Uganda waliona mbali: sheria yao ya mwaka 2015 ilivipiga marufuku vifaa hivi. Kwetu, mwaka 2024, ulipelekwa katika Seneti mswada wa kuzitia bidhaa mpya za nikotini katika mikono ya sheria. Wakati wakubwa wanajadiliana, mtoto mwenye simu huagiza ladha aitakayo na mwendesha boda boda akamletea mpaka kwenye kona ya ua wa shule, bila ya kuulizwa umri wake. Wanunuzi wawili hushirikiana kwa fedha, wanne huvuta. Na si wote ni wavulana, ingawa sisi walimu tumezoea kupekua mabweni ya wavulana tu.

Nimewataja walimu, basi niseme na hili, ingawa litawaudhi wenzangu. Tunapomkamata mwanafunzi na kifaa hiki, desturi yetu ni kumrudisha nyumbani majuma mawili aje na mzazi. Kule nyumbani anayo simu, anayo nafasi, na hana mtu wa kumwangalia mchana kutwa. Tumemwondoa katika masomo na kumpeleka karibu zaidi na muuzaji. Kumwadhibu hivyo mtoto ambaye nikotini imekwisha mfunga ni sawa na kumfukuza darasani mgonjwa wa malaria kwa kosa la kutetemeka. Sisemi asiadhibiwe kabisa. Nasema adhabu si dawa, na shule isiyokuwa na mtu hata mmoja ambaye mwanafunzi huweza kumwendea na kusema "nimeshindwa kuacha" haina haki ya kujisifu kwamba imepiga vita nikotini. Nao watu wazima wanaomtuma mtoto dukani awaletee sigara, kisha jioni wakamhubiria juu ya afya, wajue kwamba mtoto anao macho pamoja na masikio.

Limebaki jibu moja, nalo ndilo hutolewa kwa sauti kubwa: "Mwili ni wangu, uhuru ni wangu." Sipingi. Natamani uwe huru kuliko unavyojitamania. Ila angalia ni nani mwingine anayekutangazia uhuru huu. Mwezi Aprili 1994 wakuu saba wa makampuni makubwa ya tumbaku walisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakala kiapo, kisha mmoja baada ya mwingine wakasema kwamba wao hawaamini kuwa nikotini humfunga mtu. Walikuwa watu wasomi, waliovaa suti nzuri, na nyaraka za makampuni yao wenyewe zilizofichuliwa baadaye zilionyesha kwamba nguvu ya nikotini ilijulikana humo kwa miaka mingi. Watu wa biashara hiyo hiyo wana hisa leo katika vifaa vyenye harufu ya maembe. Mtu huru huchagua leo na kuchagua tena kesho. Huyu tunayemzungumzia alichagua mara moja, pengine nyuma ya bafu akiwa na miaka kumi na mitano na marafiki watatu wakimtazama, na tangu siku hiyo kifaa ndicho kinachomchagulia saa ya kuamka.

Yule kijana wangu wa kidato cha tatu alikuja ofisini siku ya pili kukiomba kifaa chake. Nilikataa. Akasimama kimya, kisha akakiri kwamba hakuwa amelala vizuri. Nikamwuliza kama alijua kilichokuwa ndani. Akasema ni maji ya maembe. Nikampa kile kifaa akisome mwenyewe. Kwa maandishi madogo, upande wa chini, palikuwa pameandikwa mililita 2, nikotini asilimia 5. Akasema, kwa tumaini kidogo, kwamba asilimia 5 si nyingi. Nikampa karatasi na penseli, kwa kuwa hisabati ni somo lake, nikamwambia mililita moja ya maji yale ichukuliwe kuwa gramu moja. Akaandika: gramu 2, asilimia 5, sehemu ya kumi ya gramu, miligramu 100. Nikamwambia mvutaji wa sigara ya kawaida hupata kadiri ya miligramu moja katika sigara moja. Tukakubaliana, ili tusizidishe, kwamba nusu ya nikotini ya kile kifaa ipotee hewani. Akaandika sigara 50. Nikamwuliza humaliza kifaa kimoja kwa siku ngapi. Akasema tano. Akagawanya, akaandika kumi kwa siku, na kwa mazoea tuliyowafundisha akalipigia jibu mistari miwili chini yake. Kisha akaketi akiitazama ile kumi.